Chakula cha Kumzuia Renzo

Kuna watu wa kuogopwa hapa duniani: askari wa barabarani, daktari wa meno, na mama wa mwanamume uliyewahi kumfelisha. Jumapili hiyo Profesa Aili Lahtela alikuwa amesimama mlangoni kwa huyo wa mwisho. Mkate wa iliki aliouoka mwenyewe ameukumbatia kifuani kama ngao, theluji ya Machi imemfika vifundoni, na kidole kimening'inia mbele ya kengele, hakiendi wala hakirudi.

Wiki mbili nyuma, ndani ya gari lililokuwa likinguruma nje ya chuo, Renzo Bertagnoli alimwuliza kama yuko tayari kuolewa naye. Aili akajibu, "Nipe muda." Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, msomi wa kutosha na kubaki, aliyeandika kitabu kizima kuhusu namna ya kuuliza maswali darasani, kaulizwa swali moja la ndiyo au hapana, kaomba muda! Renzo hakununa. Alisema tu, "Basi njoo kwanza ule kwa mama. Ukitoka mzima, utanijibu."

Mlango ukafunguka kabla kengele haijaguswa.

"Unangoja kengele ya kuingia darasani?" aliuliza Mama Ornella. Alikuwa mfupi, wa miaka sabini na moja, aproni imemkaa kama joho la hakimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu. Hicho ni nini?"

"Mkate wa iliki. Wa kwetu, wa Kifini."

Mama Ornella aliupokea, akaupima uzito mkononi kama mtu anayepokea mtoto asiye wake. "Haya. Tutaona."

Renzo alitokea jikoni nyuma ya mama yake, mikono ya shati imekunjwa, unga umemshika mpaka viwiko, masikio yake makubwa yamekuwa mekundu kwa moto wa jiko. Akamtazama Aili. Mtazamo ule haukuwa mrefu, lakini ulikuwa na kila kitu ndani yake: pole, karibu, nimekukumbuka, na usimjibu mama. Aili akasahau baridi.

Mapenzi yao hayakuanza jana. Kazi ya Aili ilikuwa kuwaandaa walimu wa sekondari, na kila Jumanne kwa miaka minne alikwenda Sekondari ya Tamarack, chumba namba 114, kumtazama mwanachuo wake akifundisha kwa mazoezi. Chumba hicho kilikuwa cha Renzo, mwalimu wa hesabu. Mwanachuo husimama mbele, na mkufunzi na mwenye darasa hukaa nyuma kabisa, kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Mwiko wao ni mmoja: somo likiendelea, mtu hafungui mdomo. Basi wakawa wanaandikiana pembeni mwa fomu ya tathmini.

*Hajauliza swali hata moja*, Renzo aliandika Jumanne ya kwanza.

*Kama wewe enzi zako*, Aili akajibu.

*Bado unakumbuka?*

*Nakumbuka mpaka shati.*

Huko ndiko yalikoanzia. Wanachuo maskini wakawa wanatoka jasho mbele ya ubao, wakidhani kalamu zile mbili zinazokimbia nyuma zinaandika makosa yao.

"Kaa," alisema Mama Ornella mezani. "Si hapo! Hapo alikuwa anakaa marehemu. Kaa pale, mbele yangu, nikuone."

Aili akakaa alipoagizwa. Chini ya meza mguu wa Renzo wenye soksi ukautafuta wa kwake, ukaukuta, ukatulia juu yake. Mezani zikaletwa ravioli, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama, vilivyofinyangwa kimoja kimoja tangu Ijumaa, na mchuzi wa nyanya uliochemka mpaka nyumba nzima ikanukia. Aili alionja, akafumba macho.

"Mama, hizi ni tamu sana."

"Najua." Mama Ornella hakula. Aliweka viwiko mezani. "Una miaka mingapi, Profesa?"

"Mama!" alisema Renzo.

"Naongea na mgeni wangu. Wewe kula."

"Arobaini na mitatu," alijibu Aili.

"Yeye thelathini na sita."

"Najua, mama. Nilimfundisha."

"Ulimfelisha."

Kijiko cha Renzo kikagonga sahani. Aili aliweka uma chini polepole. Alijua siku hii ingekuja, na kwa kweli aliiandalia maneno njiani kote. "Ni kweli, nilimfelisha mazoezi ya kufundisha, miaka kumi na moja iliyopita. Alisimama dakika hamsini akiwapa wanafunzi mgongo, akiongea na ubao. Hakumwuliza mtoto hata mmoja kama ameelewa. Nilimrudisha muhula mzima. Na ndiyo maana leo..."

"Marehemu mume wangu alikuwa na saratani," alisema Mama Ornella. Hakupandisha sauti. "Alikuwa amebakiwa na hamu moja tu, amwone huyu akiitwa mwalimu. Babu yake alikuwa wa machimbo, baba yake wa machimbo, huyu awe wa kwanza kuvaa shati safi kazini. Ungempitisha Desemba, angemwona. Ulimpitisha Mei. Mume wangu alikufa Februari."

Mguu wa Renzo ukaondoka juu ya wa Aili.

"Sikujua," Aili alinong'ona.

"Hukuuliza."

Bingwa wa maswali akaomba msaada kwa macho. Alimtazama Renzo, lakini Renzo alikuwa anatazama sahani yake.

"Nilikukataza usimwambie, mama," alisema Renzo.

"Na mimi nimenyamaza miaka kumi na moja. Wewe kaniletee chupa ya siki, iko chini kule ghalani."

"Siki ya nini? Hakuna saladi."

"Nenda!"

Renzo akaenda, hatua zake zikashuka ngazi za mbao. Mama Ornella akangoja mpaka zimefika chini kabisa. Kisha akafanya jambo ambalo Aili hakulitegemea hata kwa ndoto. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Aili, akaubana kwa vidole vigumu.

"Sasa sikiliza. Kinyongo changu na wewe nimekiweka frijini, leo sikitaki. Nimekupikia siku tatu kwa sababu moja. Mzuie."

"Nimzuie nini?"

"Asiache kazi."

"Nani anaacha kazi?"

Mama Ornella aliuachia mkono wake, akajishika shavu. "Mungu wangu! Hajakwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Kapeleka barua Ijumaa. Mwezi wa sita, shule ikifunga, anaacha kufundisha. Anakwenda kufanya kazi na binamu yake, wa mitambo ya kupasha nyumba joto, maboila hayo. Atakuwa anatambaa chini ya nyumba za watu na spana mkononi! Mimi nikienda dukani watu wananiita mama mwalimu. Kesho wataniita mama nani? Mama boila?"

Renzo anaacha? Renzo?

Labda wewe msomaji utasema, mtu kuacha kazi ni nini, watu wanaacha kila siku. Lakini kwenye ukuta wa ofisi ya Aili kulikuwa na picha za mahafali, moja kwa kila mwaka, miaka kumi na minne. Alizijua nyuso zote. Yule wa safu ya mbele mwenye miwani aliuza bima sasa. Yule dada mrefu aliyelia siku ya kwanza na kucheka siku ya mwisho aliuza nyumba. Yule wa fizikia alioka keki, tena nzuri, alimletea moja Krismasi iliyopita kana kwamba hiyo ni habari njema. Zamani darasa lake la Septemba lilikuwa na vijana sitini, mwaka huu walikuwa tisa. Tisa! Unawapanga kwenye magari mawili wanaisha. Kila Septemba Aili aliwaambia hadithi moja ile ile: kuna mtu nilimfelisha, akarudi, akawa mwalimu bora wa wilaya nzima, nendeni mkakae darasani kwake mwone kazi. Ndiye huyo huyo aliyeshuka ghalani kutafuta siki.

"Choo kiko wapi, mama?" aliuliza.

Alijifungia. Akafungulia bomba ili maji yapige kelele, akatoa simu.

Hili alilolifanya hakulifikiri, na hapo ndipo penye kosa. Mikono yake ilijua njia yenyewe. Kila mwaka, ikifika Oktoba, mwanachuo wake mmoja au wawili walijifungia kwenye choo cha shule fulani wakilia kwamba wanaacha, hawawezi, watoto wamewashinda. Aili angepiga simu kwa mkuu wa shule na kusema maneno matatu: nipe wiki mbili. Wiki mbili zikipita, mtoto wa watu amekula, amelala, amefuta machozi, anabaki. Ilikuwa dawa yake, na iliponya wengi.

"Wendell, ni mimi, Profesa Lahtela."

Upande wa pili kitu kilianguka. Wendell Aho, mkuu wa Sekondari ya Tamarack, alikuwa na watoto watatu na kitambi cha heshima, lakini Aili alimfundisha, na mpaka leo akiisikia sauti hiyo alikaa wima.

"Shikamoo, Profesa. Kuna tatizo?"

"Barua ya Renzo iko wapi?"

"Mezani kwangu ofisini. Kesho asubuhi naipeleka kwa bodi ya shule."

"Usiipeleke. Nipe wiki mbili."

"Profesa, kesho ndiyo mwisho. Ikipita kesho, mkataba wake unajiendeleza mwaka mzima mwingine. Hatatoka."

"Najua mwisho ni lini, Wendell."

"Yeye mwenyewe anajua kama unanipigia?"

"Wendell."

"Sawa, Profesa. Wiki mbili."

Aili akafunga bomba, akajitazama kwenye kioo. Akarekebisha nywele. Alirudi mezani akamkuta Renzo ameshaweka chupa ya siki katikati, na hakuna mtu anayeitaka.

"Uko sawa?" Renzo alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Niko sawa."

"Mbona umepauka?"

"Ravioli zimenoga," alijibu Aili, jibu lisilo na kichwa wala miguu. Mama Ornella akamkonyeza. Ndiyo, yule mama aliyemchukia miaka kumi na moja alimkonyeza na kumwongezea mchuzi, na kwa dakika nzima Aili aliujua utamu wa kupendwa na mkwe. Aliufaidi dakika hiyo moja tu.

Simu ya Renzo ikalia mezani. Alikuwa na mchuzi mikononi, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Renzo, Wendell hapa. Samahani kukusumbua Jumapili. Nimekaa nikaona dhamiri inanisuta, bora nikuulize mwenyewe. Profesa kanipigia sasa hivi, anasema barua yako niishike wiki mbili. Lakini nikiishika mkataba si unaendelea? Mmekubaliana wote wawili?"

Renzo aliinua macho, akamtazama Aili.

"Sasa hivi?" aliuliza Renzo.

"Dakika tano hivi zimepita. Nilisikia maji yanatiririka."

"Nitakupigia," alisema Renzo. Akakata. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akasimama, akatoka nje bila koti.

"Mfuate!" Mama Ornella alisema. "Kamalizie kazi!"

Aili alimfuata. Naye bila koti, miguuni amechomeka viatu vya theluji vya Mama Ornella, vinavyombana vidole. Renzo alikuwa amesimama chini ya ngazi, ameipa nyumba mgongo, pumzi yake inatoka kama moshi wa treni.

"Renzo."

"Umenifelisha mara ya pili."

"Nilitaka kukusaidia."

"Mimi silii chooni, Aili! Aliyejifungia chooni ni wewe!"

Neno lilikuwa la kuchekesha, ila hakuna aliyecheka.

"Ungeniambia basi!" Aili alilipuka. "Mama yako anajua. Wendell anajua. Binamu yako wa mitambo anajua. Mimi, unayetaka kunioa, nasikia mezani, mdomo umejaa! Ulikuwa unangoja uniambie lini, siku ya harusi, chini ya nyumba ya mtu?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Sema kweli yako."

"Ningekusikiliza."

"Haya. Nisikilize. Naacha kazi."

Aili alivuta pumzi. Alitaka kusema kitu cha moyoni, wallahi alitaka. Lakini kilichotoka kilikuwa hiki: "Hebu nieleze, ni mambo gani yaliyokufikisha kwenye uamuzi huu?"

"Hiyo hapo!" Renzo alimnyooshea kidole. "Sauti hiyo hapo! Na kichwa umekilaza upande. Imebaki kalamu tu na fomu. Sasa utaniambia mambo mawili niliyofanya vizuri, halafu moja la kufikiria nyumbani."

"Usinikejeli, ni kazi yangu."

"Na mimi si kazi yako! Miaka minne namngoja Aili, Jumanne anakuja Profesa. Nikisema nimechoka, unaniuliza kama nimejaribu kuwapanga watoto kwa makundi."

Ni kweli Aili alimwuliza, tena mwezi uliopita tu.

"Unajua Jumatatu ninafanya nini?" Renzo aliendelea, sauti imeshuka. "Nafika shuleni saa moja, nazima gari, nakaa. Dakika ishirini. Najiambia, shuka. Mkono uko kwenye mlango, haufungui. Madirisha yanaganda barafu kwa ndani. Nasahihisha mpaka macho yanawaka, Jumamosi nauza misumari dukani ili mwezi ufike mwisho, na watoto thelathini na nane kila kipindi. Wiki iliyopita mmoja kaniuliza swali zuri, Aili, swali zuri kabisa, na mimi nikakasirika kwamba kauliza. Hapo nikaandika barua."

"Kwa nini hukunionyesha hali hiyo?"

"Kwa sababu mimi ndiye unayewaonyesha."

Upepo ukapuliza theluji kutoka juu ya paa, ikawaangukia wote wawili. Aili hakujipangusa. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka vidoleni, na ubaya wa hasira ile ni kwamba hakujua aielekeze wapi. Kwa Renzo? Kwa gari lile lenye barafu? Kwa picha kumi na nne za ukutani?

"Ndiyo," alisema. "Wewe ndiye ninayewaonyesha. Wamebaki tisa, Renzo. Kila mwaka nalea, nafundisha, nashika mkono, na kila mwaka mtu ananiletea keki kuniambia kaacha. Nikiulizwa nimefanya nini maishani mwangu, ninakutaja wewe. Ukiondoka nitamwonyesha nani?"

"Waonyeshe mwingine."

"Hakuna mwingine!"

Mbwa wa jirani akabweka. Pazia la jikoni likatikisika, mama mtu akijificha vibaya.

Kisha sauti ya Aili ikawa ndogo, ikatoka bila kupangwa. "Na Jumanne je?"

"Jumanne gani?"

"Jumanne zote. Nitakwenda kukaa wapi? Maisha yangu yote mazuri ya miaka minne yako kwenye kiti kile cha plastiki, nyuma ya chumba 114. Ukitoka hapo, mimi ninakuja kwa kisingizio gani?"

Renzo akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu watoke nje, alimtazama. Nyusi zake zilikuwa zimeshika theluji, macho yamelowa.

"We mwanamke," alisema taratibu, "kwani unafikiri nilikuuliza lile swali garini kwa nini? Nilitaka uje bila kisingizio."

Aili alijipangusa theluji usoni. Halafu akatoa simu mfukoni, vidole vimekufa ganzi mpaka ikamlazimu kubonyeza mara tatu. Akafungulia spika.

"Wendell. Barua ya Renzo ipeleke kesho saa mbili asubuhi."

"Profesa, una hakika? Mimi sina mwalimu mwingine wa hesabu. Na wanachuo wako wa mwaka ujao nitawaweka kwa nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Wendell. Sina jibu. Ipeleke."

Akakata. Machozi yalimtoka, yakaganda shavuni kabla hayajafika kidevuni. Renzo alisogea hatua moja.

"Sikushukuru," alisema. "Haikuwa yako kuishika."

"Usinishukuru. Nina hasira na wewe mpaka meno yanagongana."

"Hiyo ni baridi."

"Ni hasira!"

"Haya, ni hasira." Akamshika vidole vyote kumi, akavifunika kwa viganja vyake vyenye harufu ya unga. "Na lile jibu? Muda umekwisha?"

"Ndiyo."

"Ndiyo umekwisha, au ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mkaidi we! Nitaolewa na wewe. Usicheke! Nimekubali, sijasamehe. Hayo ni mambo mawili."

Lakini Renzo alikuwa ameshacheka, kicheko chenye kilio ndani yake, akamvuta, na Aili akauzika uso wake kwenye shati lile la unga, akimpiga ngumi mgongoni taratibu, moja, nyingine, nyingine, mpaka ngumi zikafunguka zikawa viganja.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Nimesikia yote!" Mama Ornella alisimama juu ya ngazi, mwiko mkononi. "Ipeleke kesho saa mbili! Nimekunja ravioli siku tatu, mgongo umenivunjika, kumbe nimemlisha adui! Kumzuia umeshindwa, kumchukua ndiyo umeweza!"

Mlango ukafungwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili.

"Mama!" Renzo alipanda ngazi, akagonga. "Mama, makoti yetu yako ndani! Na funguo za gari!"

"Hamna joto la mapenzi? Oteni hilo!"

"Mama, tutakufa huku!"

Ufunguo ukazunguka tena, mlango ukaachia upenyo wa kupita mtu mmoja mwembamba. Harufu ya nyanya na mkate wa iliki ulioanza kupashwa moto ikatoka nje. Mkate ulikuwa umekatwa. Jicho moja la Mama Ornella likamtafuta Aili.

"Profesa. Wewe ingia, chakula chako kinapoa. Mwalimu simfungii mlango. Huyu abaki huko na barua yake."

Aili alipanda ngazi mbili. Joto la ndani likampiga usoni, na vidole vya miguu vikamsihi ndani ya viatu vile vya kuazima. Alimtazama yule mama, akayaona macho mekundu ya mtu aliyelia peke yake jikoni, akamwonea huruma kweli. Aliyekuwa anaombwa kuingia ni mwalimu, na Aili hakuwahi kukataa mwito huo tangu azaliwe.

"Asante, mama," alisema. "Niko na huyu."

Jicho likamkazia muda. Mlango ukafungwa, safari hii bila kishindo.

Renzo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, masikio mekundu, mikono kwapani. Aili akashuka, akapiga theluji teke kusafisha mahali.

"Sogea," alimwambia kwa ukali, akakaa.